Kuhesabu Vinundu

Januari, mjini Tartu, saa tatu asubuhi
na jua bado halijaamua.
Mimi Maarika, mtu wa hadubini,
nalipwa kuhesabu.

Kipande cha ubongo wa panya,
chembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
kimelowekwa wiki mbili gizani katika chumvi ya fedha,
na fedha, kwa sababu ambazo hata profesa hazijui,
imechagua seli moja katika mia
ikaipaka weusi hadi ncha ya mwisho,
zilizobaki ikaziacha kama hazikuzaliwa.

Naiangalia hiyo moja.
Ina matawi, na matawi yana vinundu
vilivyobanana kama punje za wali zilizonata kwenye mwiko.
Kila kinundu ni mlango.
Seli jirani ikibisha, hapo ndipo hodi hupokelewa.

Panya aliyedungwa maji matupu: kumi na moja.
Panya wa mofini: saba. Sita. Saba.
Naandika. Penseli haina maoni.

Kaka yangu Taavet hayumo katika daftari hili.
Alikuwa fundi wa friji kule Kohtla-Järve,
chini ya vilima vya majivu ya mgodi,
mtu wa kucheka kabla hajamaliza hadithi yake mwenyewe.
Unga ulimfikia mwaka alioteguka mgongo.
Mara ya kwanza, alinieleza,
ni kama mtu amekufunika blanketi
lililokuwa limeanikwa juu ya jiko.
Nilimwelewa kuliko nilivyotaka.

Ubongo si mjinga.
Ukipigiwa kelele usiku na mchana
huziba milango, hupunguza masikio, usije ukafa.
Kisha kelele inakoma
na masikio hayarudi.
Supu ya mama ikawa maji ya moto.
Piret, bintiye, akamletea jino lililong'oka, kiganjani,
naye akalitazama kama mtu anayesoma risiti.
Nikamwambia hana moyo.
Nilisema hivyo mezani, mtoto akisikia,
mimi niliyesomea haya mambo miaka sita.

Sasa ni miezi kumi na tisa hajagusa.
Majirani wanasema amepona.
Mwenye kovu usidhani kapoa.
Jumanne alipita penye ngazi za jengo namba nane
akanusa karatasi ya fedha iliyounguzwa
(fedha tena, hata huku),
na kabla hajakumbuka jina lake
miguu ilishageuka.
Mate yakamjaa. Jasho, kwenye baridi ya nyuzi kumi na nne
chini ya sifuri.
Akaketi juu ya theluji akanipigia simu.
"Maarika, sema kitu. Chochote."

Sikuwa na chochote. Nilikuwa na daftari.
Nikamsomea:
kumi na moja, saba, sita, saba, tisa.

"Tisa ni nani?"

Panya aliyeachishwa. Siku sitini.

Akanyamaza. Nikasikia gari la kukwangua theluji
likipita karibu naye, likienda, likipotea.
"Tisa," akasema.
"Na akikaa mwaka?"
Nikamwambia panya hawaishi sana, Taavet,
hatujapima mwaka.
Akacheka. Kidogo, puani tu,
lakini alicheka kabla sijamaliza sentensi.

Alipanda basi gani sikuuliza.

Leo kuna slaidi mpya. Jua limefika kwenye sakafu,
limeishia miguuni pangu.
Katika tawi la tatu kuna kitu kidogo
ambacho huenda ni kinundu kinachoanza
na huenda ni vumbi la rangi tu.
Kanuni ya maabara iko ukutani, kwa herufi kubwa:
ukiwa na shaka, usihesabu.

Nazungusha kioo kwenda, nazungusha kurudi.
Kinafifia, kinarudi.
Penseli iko juu ya karatasi.